Kufuli la Mwenzio: Mwongozo wa Kuziba Tundu Ukiwa Garsen

Kwanza kabisa, usikimbilie kompyuta. Ofisi yako ya ushirika ipo Garsen, kilomita chache kutoka Minjila, ambapo basi la Lamu na la Garissa huagana. Seva imekaa chini ya meza ya katibu, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi. Habari imefika kwamba programu inayofunga siri zenu ina tundu. Kaa, agiza chai, tafuta wa kulaumiwa.

Kumpata si kazi. Programu hiyo hukuiandika wewe. Mkandarasi aliyeshinda tenda hakuiandika pia: aliipakua bure, akabandika nembo yake, akatoza. Ukichungulia ndani huenda ukakuta OpenSSL, iliyotapakaa kwenye seva za dunia kama mathenge ilivyotapakaa Bura na Hola: ililetwa isaidie, ikashika kila pahali, na leo ukiuliza mwenyewe ni nani, kila mtu anatazama mto.

Ili ujue unaziba nini, chukua tundu lililovuma kuliko yote, Heartbleed, lililotangazwa tarehe 7 Aprili 2014. Lilikuwamo tangu toleo la 1.0.1 la OpenSSL lilipotoka Machi 2012, na dunia nzima ikalala juu yake usingizi wa pono. Lilivyofanya kazi, hata mtoto wa shule kule Ngao angeelewa. Kompyuta moja huiuliza nyingine: bado upo? Kama upo, nirudishie neno "embe", herufi 4. Seva hujibu: embe. Akaja mjanja akasema: nirudishie neno "embe", herufi 60,000. Seva, kwa adabu zake, haikuhesabu. Ilirudisha embe, kisha ikajazia chochote kilichokuwa kando yake kwenye kumbukumbu: neno la siri la mhasibu, kipande cha barua, na siku mbaya zaidi, ufunguo wenyewe wa kufungulia. Waliogundua ni Neel Mehta wa Google na, bila kujuana naye, wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland.

Sasa fungua rekodi za seva uone kama mmeibiwa. Hutaona kitu, kwa maana wizi wa namna hii haukuacha alama katika rekodi za kawaida. Haraka andika kwenye ripoti: "Uchunguzi wa kina haujabaini wizi wowote." Ni kweli tupu, na ndiyo raha yake.

Kisha fanya linalopendwa na wakubwa: amuru kila mtu abadilishe neno la siri leo hii. Mzee mwenyekiti aje na bodaboda kutoka Tarasaa, mweka hazina akatize likizo, wote waandike maneno mapya na kuyanong'onezana. Tundu likiwa bado wazi, kila neno jipya litapita kwenye kumbukumbu ile ile, bichi kabisa. Mwizi aliyekuwa na orodha ya zamani utakuwa umempelekea mpya mpaka mlangoni kwake.

Kuna watu wakavu ambao huanza upande wa pili: kiraka, kuwasha upya, ufunguo mpya, cheti kipya cha kuitambulisha seva, kufuta cheti cha zamani, ndipo maneno ya siri. Huo ni utaratibu wa wasio na vikao.

Kiraka chenyewe ni amri fupi na bando ya kutosha. Toleo lililozibwa liliitwa 1.0.1g. Ila watengenezaji wa mifumo ya Debian na Ubuntu waliziba tundu bila kugusa herufi ile ya mwisho, kwa hiyo tarajia mkaguzi aje na karatasi yake, asome 1.0.1e, akuandikie onyo juu ya kitu kilichokwisha zibwa. Usibishane naye. Mpe soda, pokea barua, tia kwenye faili.

Umeweka kiraka, umepigiwa makofi. Tundu bado lipo. Programu iliyowashwa kabla huendelea kushika nakala ya zamani kwenye kumbukumbu mpaka izimwe na kuwashwa tena, na hapa ndipo Garsen inapoipita California. Kule seva hukaa miezi bila kuzimwa. Kwetu stima hupotea saa nane mchana, ikirudi kila huduma inaanza upya, na kiraka kinashika kazi bila mtu kunyoosha kidole. Waliojinunulia sola na betri kubwa wamejinyima msaada huu. Itawabidi wabonyeze wenyewe.

Kwenye ufunguo, fuata nyayo za wakubwa. Baada ya Aprili ile, wenye tovuti wengi walikwenda kuchukua cheti kipya, chenye tarehe mpya, wakakitengeneza kwa ufunguo ule ule ambao huenda ulikwisha ibwa. Cheti kipya hupendeza kikichapishwa na kutundikwa ukutani. Cha zamani usikifute, labda kitafaa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 ukigundua data za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya madhara. Mto Tana ukifurika na barabara kukatika utakuwa na kisingizio kizuri sana, tatizo ni kwamba taarifa hutumwa kwa intaneti.

Limebaki jedwali la gharama. Weka semina ya siku tatu Diani. Weka mafuta ya gari, posho, na fulana zenye maandishi "Linda Data Yako". Hadi tundu lilipogunduliwa, mradi wa OpenSSL ulizoea kupata michango ya dola 2,000 hivi kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ajira ya muda wote humo, huku mabenki na serikali zikijifungia kwa kufuli lake. Aibu ilipowashika, makampuni makubwa yakachangishana kupitia Linux Foundation. Ushirika wako nao hauzuiwi kutoa chochote. Mhasibu atauliza ni kifungu gani. Mwambie akitafute kati ya "chai" na "mengineyo". Asipokiona, pesa hizo ziongezwe kwenye fulana, ziwe za mikono mirefu.