Namna ya Kumlinda Mtoto na Utamu wa Kuandika

Waheshimiwa walimu, wazazi na wadau wa elimu wa Mamboya, nawapongeza kwa kupata bahati ya kunisikiliza. Mimi ni Bingwa wa Mabingwa wa Insha, cheo nilichojitunuku kwa kukosa mwenye hadhi ya kunitunuku. Mmeniomba nieleze jinsi ya kumfanya mwanafunzi wa shule ya msingi afurahie kuandika. Jambo hilo ni la hatari, na ushahidi uko hapahapa kwenu. Mmisionari J. T. Last aliishi Mamboya. Mwaka 1882 Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ikachapisha habari za safari yake kutoka hapa kwenda nchi ya Nguru, na mwaka 1886 akatoa sarufi ya lugha yenu ya Kikaguru. Tazameni alivyokosa adabu: alikuwa na la kusema, tena alikuwa na msomaji aliyelisubiri! Mwaka 1961 naye T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Marekani, akachapisha makala ya kitaalamu juu ya fisi na sungura wa hadithi za Wakaguru. Basi ngano za bibi zinawatosha wasomi wa ng'ambo, ila mjukuu wa darasa la nne tunamkataza asiziandike. Yeye tunampa kichwa kinachomfaa, “Umuhimu wa Bandari”, ili aitafute bahari huku milimani.

Nashukuru kwamba mitihani yetu iliiona hatari hii mapema. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, sehemu ya Utungaji kwa miaka mingi imemtaka mtahiniwa azipange sentensi zilizochanganywa kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Mtoto anatunga habari nzima bila kuandika hata neno moja lake mwenyewe. Shakespeare, pamoja na sifa zake zote, hakuwahi kufikia kiwango hicho. Na pale mtoto anapolazimika kuandika kweli, tunamwandikisha “Sitapiga kelele darasani” mara mia, kusudi ajue tangu mapema kwamba kalamu ni ndugu yake fimbo.

Wenye maoni hawakosekani. Wengine husema darasa limefurika, mwalimu atasahihisha madaftari mangapi? Hao ni watu wangu. Wanaonitisha ni wale wanaojibu kwamba si lazima asahihishe yote: watoto waandikiane barua, wasomeane, mwalimu achukue chache kila wiki. Pendekezo hilo nalipinga kwa nguvu zote, kwa sababu linawezekana na halihitaji semina wala posho. Wengine husema mtoto anayezungumza Kikaguru nyumbani aachwe kwanza asimulie kwa mdomo, hata akichanganya lugha, ndipo aandike kwa Kiswahili. Hebu fikirini: mtoto afike kwenye daftari akijua anachotaka kusema! Makosa ya tahajia yatarekebishika taratibu, lakini mazoea ya kuwa na la kusema hayatibiki, na kalamu yangu nyekundu itakosa kazi.

Kwa hiyo naiomba kamati ya shule ipitishe azimio leo hii. Mwanafunzi yeyote atakayekutwa akimwandikia mwenzake kwa hiari yake, nyuma ya daftari la hisabati, anyang'anywe karatasi hiyo mara moja na iletwe kwangu. Insha za bandari bakini nazo. Hizo za nyuma ya daftari ndizo ninazozisoma mpaka mwisho.