Kunywesha Paa Wakati wa Mgao

Mvua ya Aprili ikinyesha Umoja, sisi wa ghorofa ya juu hatuchungulii dirishani. Inatupitia sebuleni. Kwangu ilikuwa na pahali pake pa kushukia, kati ya televisheni na kiti cha wageni, na mgeni mwenye adabu alisogeza magoti bila kuambiwa.

Lawama ni za historia. Umoja ilipoanza miaka ya 1970 ilikuwa mtaa wa nyumba ndogo za chini, na mwenyewe alitarajiwa kuongeza chumba akipata uwezo. Watu wakaongeza kweli, ila waliongeza kuelekea mbinguni. Pesa zinapoishia, hapo ndipo paa: slabu tambarare, matangi ya maji, kamba za nguo, na nyufa.

Mama mwenye ploti alipochoka kupokea simu zangu alituma fundi. Kijana mchapakazi. Asubuhi alichokora zege bovu hadi nondo zikaonekana, akazisugua kwa brashi ya waya, mchana akaziba kwa simiti na mchanga, na jioni hiyo hiyo akapandisha roli la membreni, lile zulia la lami la kuzuia maji, na mtungi wa gesi wa kuichomea.

"Mkubwa, kwa jua hili, kesho saa nne imekauka. Tunabandika, unasahau."

Kumbe mzee wa chini alikuwa anasikia. Huyu alistaafu kazi ya kusimamia ujenzi, na hajawahi kuona kazi ya mtu akaipita kimya. Akapanda ngazi akihema. "Kijana wangu, simiti haiwi ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kunywa."

Tukapewa somo papo hapo. Simiti hushikana kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Kiraka chembamba kikipigwa na jua na upepo kikakosa maji mapema, hupasuka na kubanduka kingo. Kwa hiyo kinyweshwe siku 7, kifunikwe gunia bichi. Baada ya hapo ndipo kiachwe kikauke kabisa, maana membreni nayo haitaki maji hata ya kuonja.

Mama alielezwa kwa simu akaelewa. Akauliza ni nani anayeishi karibu na paa.

Kunywesha simiti ni jambo jepesi penye maji. Mgao ulioanza Nairobi Januari 2017 kwetu haujaaga, na bomba hukohoa usiku wa zamu yetu tu. Nikawa napandisha mtungi wa lita 20 mbele ya macho ya ploti nzima. "Mwalimu," mama wa namba kumi na mbili akaniuliza, "yaani paa linaoga kila siku, na wanangu wanapanguswa uso?" Sikuwa na jibu. Kesho yake, kwa moyo safi, akaniletea beseni la maji ya kufulia. Mzee akayakataa: sabuni huacha utando, na lami haishiki penye utando. Yule mama aliondoka ameamini kwamba paa letu lina maringo. Gunia moja nalo likatoweka, tukalikuta mlangoni pa namba sita likipangusiwa viatu.

Wiki ilipoisha mambo yakageuka. Paa lilipotakiwa kukauka, ndipo kila mtu alipopata maji. Jumamosi kamba zilijaa blanketi nzito, zote zikidondokea viraka. Tangi moja likafurika kwa kuwa boya lake limechoka. Fundi akasema tubandike tu. Mzee akadai kipimo: weka kipande cha nailoni juu ya kiraka, ziba kingo kwa selotepu, kilale hapo. Asubuhi ukikuta jasho chini yake, bado. Nailoni yenyewe imekuwa adimu tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, basi nikachana ile iliyokuja na godoro langu. Tulikuta jasho la kusuuzia kikombe.

Fundi hulipwa kwa kazi, si kwa siku, kwa hiyo simshangai kwamba alikuwa ameshabandika kona ya nyuma ya tangi kimyakimya. Jua la saa sita lilipowaka, maji yaliyofungiwa chini yakageuka mvuke, na membreni ikavimba kama chapati kwenye kikaango. Watoto wa ploti wakagundua kuwa ukikanyaga lengelenge hapa, linaibukia pale. Siku hiyo hakuna aliyecheza mpira. Fundi aliwafukuza, akakata kipande chote, akaketi juu ya roli lake kungoja, na mzee akaketi pembeni kumlinda.

Hatimaye nailoni iliamka kavu. Fundi akapaka lami nyepesi ya kushikia, akachoma membreni roli kwa roli, kingo zikilaliana, akaipandisha hadi kwenye kuta za pembeni. Kazi nzuri, hata mzee alikosa la kusema, jambo lililomsumbua waziwazi.

Membreni haikuwa imeanza hata kupauka nilipokutana ngazini na kijana wa kufunga madishi, ameitwa na namba tisa, mkononi drili na bolti ndefu nne. Nikauziba mlango wa paa kwa mwili wangu. Akanituliza kwa heshima zote.

"Usijali, mkubwa, sitoboi ovyo. Nimegongagonga kote, nimepata pale simiti imekaza vizuri."