Mbio za Sakafuni

"Mzee, umeangusha kitu."

Aliyesema hivyo ni binti wa miaka ishirini hivi, msimamizi wa uwanja, fulana ya rangi ya machungwa, redio kiunoni. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira mweusi, kikubwa kama biskuti, bado cha moto. Kilitoka kwenye tairi langu la mbele kushoto. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, kama mtu aliyerudishiwa kitambulisho kilichopotea. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Leo Jumanne, kipande kingali mfukoni mwa shati langu.

Uwanja wa mbio, nje kidogo ya Nairobi, ulikuwa umefunguliwa kwa yeyote mwenye gari, helmeti na ada. Asubuhi nilipitia kituo cha mafuta. Kijana wa upepo akaniuliza, "Nikuwekee ngapi, bosi?" Nikamjibu, kwa sauti iliyotosha kusikika hadi pampu ya pili, kwamba ninakwenda kukimbiza gari. Akatikisa kichwa kama daktari. "Basi tuweke 40. Tairi ngumu ndiyo inakimbia." Hoja ilinikaa vizuri. Hata mimi huwa ninakimbia vibaya nikiwa nimelegea.

Mizunguko miwili ya kwanza nilikuwa mfalme. Niliipita Toyota Starlet kuukuu iliyokuwa inajikokota, nikampungia dereva mkono kwa huruma. Mzunguko wa tatu matairi yakaanza kuimba. Wa nne yakawa yanalia kama mbuzi anayeburutwa kupelekwa sokoni. Wa tano, kwenye kona ya kulia, nilikata usukani na Subaru yangu ikaendelea mbele, imetulia, kama ng'ombe aliyeona majani. Nikakata zaidi. Sasa najua kwamba kukata zaidi ni kuyasugua tu matairi ambayo yameshakata tamaa. Lami ikaisha, nyasi zikaanza, vumbi likaingia, na tukasimama hatua chache kutoka ukuta wa matairi yaliyozeeka waliyopanga kando ya uwanja. Yalinitazama kama wazee wa ukoo waliokuwa wananisubiri. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: methali hii nimewatupia vijana wengi, sikujua kwamba ina anwani.

Starlet ikapita. Dereva akanipungia mkono.

Baadaye nilimfuata. Alikuwa amechuchumaa kando ya gari, geji mkononi, daftari la shule gotini, akiandika upepo wa kila tairi kabla na baada ya kuingia uwanjani. Alikuwa anaingia na 29 asubuhi, matairi yakiwa baridi. Mzunguko mmoja wa kuyapasha, miwili ya nguvu, mmoja wa taratibu wa kuyapoza, kisha anatoka. Kule kujikokota nilikokuhurumia kulikuwa mzunguko wake wa kupoza. Akaniuliza niliingia na ngapi. Nikamwambia 40. Aliangalia chini, akaandika jambo daftarini. Natumaini halikunihusu.

Tangu Jumamosi sijalala vizuri, na si kwa aibu peke yake. Hebu fikiria. Tairi la gari dogo lina mzingo wa mita 2 hivi. Ukiwa kwenye kilomita 120 kwa saa, linazunguka karibu mara 17 kila sekunde. Kila jino la tairi, katika kila mzunguko, linakandamizwa ardhini, linavutwa pembeni, linaachiliwa. Mara 17, kabla hujamaliza kusema "Mungu wangu". Na mpira ni mdeni wa aina ya pekee: unaukopesha nguvu unapoukandamiza, nao unakurudishia pungufu, kila mara, bila kukosa. Ile nguvu isiyorudishwa haikupotea. Imegeuka joto.

Utasema basi tutafute mpira mwaminifu, unaolipa deni lote. Hapo ndipo uchawi ulipo. Ni udhalimu huohuo unaoufanya mpira ung'ang'anie lami. Unajikunja kwenye vijiwe vya barabara, unachelewa kurudi, na katika kuchelewa huko ndimo gari linamoshikiliwa. Mpira usiopoteza kitu usingeshika kitu. Kwa hiyo anayetaka kukata kona ameshakubali joto, suala ni kiasi gani. Likiwa dogo mno, tairi ni gumu na linateleza. Likizidi, kwenye tairi la barabarani kitu cha digrii 100 na zaidi, mpira unakuwa laini na utelezi, kama umepakwa samli.

Isitoshe, mpira haupitishi joto kwa urahisi. Tairi ni kama uji kwenye kikombe: juu kuna utando uliopoa, chini ni jehanamu. Ndiyo maana wajuzi hawaridhiki na kipimajoto cha kumulika, ambacho husoma ule utando tu. Wanachoma sindano ndani ya mpira, mahali patatu: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Joto likizidi huko chini, mpira unafanya malengelenge, kisha unabanduka. Kisha binti wa fulana ya machungwa anakuletea biskuti.

Na upepo nao? Tairi likipata moto, hewa iliyofungiwa ndani inazidi kusukuma, takribani pauni 1 kwa kila digrii 6. Tairi lililotoka nyumbani kwenye digrii 25 likafika 80 limeongeza karibu pauni 10. Yaani 40 zangu zilikuwa zimefika 50. Tumbo la tairi lilifura, mabega yakanyanyuka kutoka ardhini, na kazi yote ikabebwa na kipande chembamba cha katikati. Ukipunguza mno nalo linakuadhibu: kuta zinajikunja kupita kiasi, nazo zinapika. Lililofaa ni lile la daftari: ingia na kidogo, toka, pima moto ungali umo, rekebisha, rudi.

Nilipofika nyumbani nikayasoma matairi kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Yangu yaliandikwa 1412. Wiki ya 14, mwaka 2012. Niliyanunua Machi iliyopita, "mapya kabisa", meusi yanayong'aa, yakiwa bado na zile nywele za mpira. Yalikuwa mapya kweli, kama nguo ya marehemu ambayo hakuwahi kuivaa. Mpira hukauka ukiwa rafuni. Hewa na joto huufanya mgumu na kuutia nyufa, nao hausubiri mnunuzi.

Nilimrudia muuzaji. "Bosi," akasema, "kwani ulitaka kuyala?"

Nilicheka, nakiri. Kisha nikaona aliyekuwa anahudumiwa kabla yangu: matatu ya abiria 14, ikifungwa matairi mawili ya mbele kutoka rafu ileile. Mimi nilipotoka lamini nilikuwa na helmeti, nyasi, ukuta wa matairi, na gari la wagonjwa lililoegeshwa likinisubiri. Wale 14 watakuwa na lori linalokuja upande wa pili. Kesho yake taarifa itasema "tairi lilipasuka, dereva akashindwa kulidhibiti gari". Chunguza kitenzi hicho. Lilipasuka. Lenyewe, kama embe. Kiswahili kinatupa kauli nyingine, "lilipasuliwa", ambayo ingemlazimu mtu kuuliza: na nani? Na aliyeliuza, na aliyelipaka dawa ya kung'arisha, na aliyekagua gari akaangalia taa tu. Sijawahi kuisoma kauli hiyo kwenye taarifa ya ajali.

Mengine ni madogo. Nilipunguza upepo matairi yakiwa moto, nikasahau kuongeza, na Jumapili asubuhi gari lilikuwa limekalia chapati. Nilinunua geji, nikanunua ya pili kuihakiki ya kwanza, zinapishana kwa pauni 4.

Leo nilienda kazini kwa matatu. Kabla ya kupanda niliinama kwenye gurudumu la mbele, nikafuta matope kwa kidole gumba, nikatafuta tarakimu nne.

"Mzee, umeangusha kitu?" kondakta akauliza.

Nilizisoma mara mbili. Kisha nikapanda, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa.