Localhost Mpakani

Enzi za modemu, fundi wa Gisenyi aliyeshika Linux hakutaka kubebwa. Simu ikishapiga mluzi na kushika laini, programu yake ya barua pepe, Sendmail, ilijitambulisha kwa seva ya ng'ambo: mimi ni localhost. Yaani natoka hapa hapa kwangu! Mwambie hivyo afisa wa mpaka wa Petite Barrière uone kama utaingia Goma. Dawa ilikuwa mstari mmoja tu wa mipangilio, wa kupitishia barua kwa seva ya mtoa huduma, yenye jina linalojulikana. Thubutu! Bora seva ya ng'ambo iseme jaribu baadaye, barua ikae foleni siku 5, ijaribiwe weee, kisha irudi kwa mwenyewe na maelezo marefu. Mpokeaji yuko Birere, hapo Goma tu ng'ambo ya mpaka, na muuza nyanya wa Gisenyi humpitia kila asubuhi, kwa miguu.