Jinsi ya Kupotelea Kisiwani Bonasi Ikiingia

Binamu yako wa Minnesota amekutumia picha. Amesimama chini ya mti wenye majani mekundu kama nyanya, mengine yametapakaa miguuni pake, na uso wake umetulia kama wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Ameandika kwamba yuko likizo ya vuli kwenye kisiwa kidogo. Wewe umeisoma hapa Kiogoro ukiwa umejikunyata chini ya mwavuli, kikapu cha majani chai kando yako, unangoja zamu yako ya kupima. Ni saa tisa alasiri na mvua inanyesha, kama ilivyonyesha jana saa tisa alasiri.

Usimwonee wivu. Vuli ya binamu ni majani kupukutika, na kwetu hakuna jani linalopukutika kwa hiari yake: la chai linachumwa, la mgomba linakatwa likafunike chungu. Lakini miezi ni ile ile, Septemba hadi Novemba, na wewe unayo sababu ya kukimbilia kisiwani ambayo binamu hana. Sababu hiyo inaitwa bonasi.

Kwa msomaji asiyelima chai: mkulima mdogo hulipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa kila kilo aliyopeleka. Hesabu za mwaka hufungwa Juni, na kinachobaki hulipwa kwa mkupuo mmoja, mwezi wa kumi hivi. Bonasi ya upande wetu huwa nyembamba kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, ila habari zake husafiri kwa kasi ile ile. Ujumbe wa benki hujaufungua, mjomba ameshapiga simu kuuliza kama mvua inanyesha. Nyuma yake wamejipanga karo ya muhula wa tatu, mtoto wa dada anayetahiriwa Desemba, kamati ya harusi, paa la kanisa, na jamaa ambaye hujamwona tangu mazishi yaliyopita, anayekutafuta kwa ajili ya mazishi yajayo.

Kwa hiyo unahitaji mahali penye maji pande zote. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: Chagua kisiwa kinachostahili jina hilo

Lamu ni pazuri, lakini ukitoka Kisii hadi Lamu, nauli itakuwa imemaliza bonasi kabla mjomba hajapata nafasi yake, na hiyo si haki. Unalo Ziwa Victoria huko chini ya vilima, zaidi ya kilomita za mraba 68,000, lenye visiwa vya kila kimo.

Migingo usiende. Ni mwamba wa nusu ekari hivi, umefunikwa na vibanda vya mabati mpaka ukingoni, na Kenya na Uganda zimeugombania tangu miaka ya 2000. Nusu ekari, nyumba zimebanana, na kila upande una ramani yake? Hiyo unayo nyumbani. Ni shamba aliloacha babu, na ninyi ndugu watano.

Rusinga ni nzuri, ina kasoro moja tu. Tangu miaka ya 1980 imeunganishwa na Mbita, kwanza kwa tuta la mawe, sasa kwa daraja. Kisiwa ambacho shemeji anaweza kukufuata kwa bodaboda si kisiwa, ni kitongoji. Pita, tazama, usilale.

Chukua Mfangano. Ina mlima katikati, maji pande zote, na anayeitaka sharti apande boti. Mjomba wako haogelei, wala hapendi kukaa karibu na wanaoogelea.

Hatua ya pili: Andaa sababu ya heshima

Kwetu mtu haondoki nyumbani eti anaenda kupumzika. Ukitamka neno hilo, watauliza umechoshwa na nani, na jioni wazee watakuwa wameketi sebuleni kukusuluhisha na mkeo. Chagua mojawapo ya sababu hizi tatu.

Ya kwanza ni shukrani. Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, amezikwa Rusinga, na jengo lililo juu ya kaburi lake limepewa umbo la risasi. Yeye ndiye aliyehangaika kuanzia mwaka 1959 kupata ndege za kuwapeleka vijana wetu wakasome Marekani. Mwambie shangazi unakwenda kumshukuru kwa niaba ya binamu wa Minnesota. Binamu alikwenda miaka mingi baadaye, tena kwa bahati nasibu ya viza, lakini shangazi hawezi kusimama mbele ya watu akapinga shukrani.

Ya pili ni elimu. Mwezi wa kumi mwaka 1948, wakati huu huu wa vuli, Mary Leakey aliokota Rusinga fuvu la Proconsul, kiumbe aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita, ambaye wataalamu humweka karibu na shina la ukoo wetu na wa nyani wakubwa. Fuvu lenyewe liliondoka zamani. Wewe unafika kwao tu, kama inavyofanywa kwa jamaa. Na tafadhali mheshimu: kwa miaka yote hiyo milioni 18 hajaomba mchango hata mara moja.

Ya tatu ni afya. Sema daktari amekushauri ushuke penye joto. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, chini sana kuliko kwetu, na joto lipo la kutosha. Hutakuwa umedanganya kuhusu joto. Utakuwa umemsingizia daktari peke yake.

Hatua ya tatu: Ondoka kama mtu anayekwenda sokoni

Usibebe begi. Mtu wa Kiogoro akionekana na begi asubuhi ya mwezi wa kumi, kijiji kizima kinajua ameiona bonasi. Tia nguo kwenye gunia, juu yake weka kabichi mbili. Ukiulizwa, unapeleka kabichi.

Kutoka mjini Kisii, njia ni Rongo, Homa Bay, Mbita. Ukipata Probox, usihesabu abiria. Hesabu huleta huzuni. Mtakaa wanne nyuma, wawili na dereva mbele, na kwenye buti atakuwamo mwalimu mstaafu aliyekunja magoti, anayezungumzia siasa kwa sauti tulivu. Kadiri mnavyoteremka, nyanda za juu zinakuvua nguo. Rongo unavua koti. Homa Bay unavua sweta. Ukifika Mbita unajuta kuvaa soksi.

Zima simu kabla ya Homa Bay. Kuanzia hapo wewe ni mteja asiyepatikana kwa sasa, na ni vyema watu wazoee.

Hatua ya nne: Panda boti bila kujiaibisha

Sisi maji tunayajua yakianguka au yakitiririka bondeni. Hatujazoea kuyaona yamelala, tena mpaka macho yanapoishia. Panda asubuhi, maana alasiri upepo huamka na ziwa nalo huamka nao. Vaa jaketi la kuokolea maisha na ulifunge kabisa. Hapo mwongozo huu hautanii.

Boti la mbao halifiki ufukweni, kwa hiyo kijana mmoja mwenye misuli atakubeba mgongoni mpaka ndani. Usijikakamue. Mwanamume mzima wa Kiogoro, baba wa watoto wanne, akiwa mgongoni mwa kijana wa miaka 20 na gunia la kabichi mikononi, hana heshima yoyote ya kulinda.

Ukishakaa, tazama mzigo: kreti za soda, magodoro, mabati kumi, sanduku la vifaranga wanaolalamika. Na mbele kabisa, mikungu ya ndizi imepangwa kwa ustadi, imetandikiwa majani makavu ya mgomba jinsi wanavyotandika wafanyabiashara wa kwetu. Hapo moyo utakudunda. Ndizi za Kisii huvuka ziwa hili kabla yetu na baada yetu, na ndizi hazisafiri peke yake.

"Bwakire," mwenye ndizi atakuambia kutoka chini ya leso yake.

"Bwakire buya, mama," utajibu, kwa kuwa umelelewa vizuri, na malezi ndiyo yatakayokuponza.

"Wewe si wa pale Kiogoro, karibu na kituo cha kupimia majani? Mama yako nilimwona Jumapili. Hizo kabichi unampelekea nani?"

Kwa swali hili hakuna hatua. Mpe kabichi moja.

Hatua ya tano: Usifanye lolote, kwa bidii

Ukishuka Sena, mji mdogo wa Mfangano, tafuta chumba, kula ngege wa kukaanga kwa ugali, kisha kaa. Siku ya kwanza ni ngumu. Mkono utatafuta jembe wenyewe. Utainuka uende kutazama shamba la mtu, useme mahindi yake yamepandwa karibu karibu mno. Rudi ukae.

Ukizidiwa, kuna mlima, na kuna miamba ya Kwitone. Huko wawindaji wa kale waliacha michoro ya duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, kama jua lililochorwa na mtoto mwenye subira. Watu wa kisiwani waliheshimu mahali hapo na waliwahi kupaendea kuomba mvua. Wewe unatoka Kiogoro, kwa hiyo simama pembeni na usiombe kitu. Mvua uliyo nayo inatosha.

Usiku, mwezi ukiwa haupo, toka nje. Wavuvi wa omena wanakuwa wamewasha taa juu ya maji ili kuwavuta samaki, na taa hizo zikiwa nyingi utadhani kuna mji mkubwa ziwani, mji usio na barabara, kanisa wala kamati. Kaa hapo hata saa nzima. Kusikia mawimbi yakigonga mawe bila mtu kukuita jina: hili ndilo binamu alilokuwa akilisema, nawe mpaka usiku huu ulidhani anaringa.

Furahia. Kesho kuna hatua ya sita.

Hatua ya sita: Usitaje unakotoka

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na hakuna aliyewahi kuiweza. Utakuwa unakunywa chai hotelini. Mzee mmoja ataketi karibu nawe, atakoroga sukari polepole, na kuuliza umetoka wapi. Sema Nairobi. Sema Nakuru. Wewe utasema Kisii, kwa sababu chai unayokunywa ni nyepesi na ungependa kueleza chai inavyotakiwa kuwa.

Mzee ataweka kijiko chini. "Abagusii?"

"Ndiyo, mzee."

"Na sisi ni Abasuba. Umesikia hiyo 'aba'?"

Utaisikia, utake usitake. Wengi kisiwani leo huzungumza Dholuo, na Olusuba imebaki zaidi kwa wazee kama huyu, lakini ni lugha ya Kibantu, jamaa ya Ekegusii. Utajaribu kusema kwamba hayo ni mambo ya wataalamu wa lugha. Mzee hatakusikia, maana amekwisha kuita wengine wawili waje wamwone ndugu yao aliyepotea. Watauliza ukoo wako, mnyama wenu wa asili, jina la babu. Watakukaripia kwa kulala kwenye chumba cha kulipia ilhali nyumba zipo. Utahamishwa kabla ya jua kutua. Utachinjiwa kuku.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Hawakutenga maji ya ziwa.

Asubuhi, mkiwa mmeshiba, mzee atakutembeza. Atakuonyesha bandari, shule, mti aliouotesha mwaka aliooa. Mwisho wa matembezi mtasimama mbele ya kanisa lenye kuta nzuri za mawe, na mtatazama juu pamoja, kimya. Hakuna haja ya kueleza. Wewe umezaliwa Kiogoro. Unalitambua kanisa lisilo na paa ukiwa mbali.

Hapo utakumbuka mabati kumi mliyosafiri nayo.

Hatua ya saba: Rudi nyumbani ukiwa umepumzika

Utapanda kwa njia ile ile, na nyanda za juu zitakurudishia nguo zako moja moja: soksi Homa Bay, sweta Rongo, koti stendi ya Kisii, ambako mvua itakuwa inakungoja na saa itakuwa tisa. Usieleze ulikokuwa. Mama atakuwa jikoni anachambua omena zilizokaushwa vizuri, za kisiwani kabisa, alizoletewa jana na rafiki yake auzaye ndizi. Atakuuliza kama kabichi zilifika salama.

Mjibu kwa upole, kisha washa simu. Itatetemeka kwa dakika tatu. Mjomba amepiga mara tisa. Binamu ametuma picha nyingine ya jani. Na juu kabisa, jipya, kuna kundi la WhatsApp ambalo umeongezwa bila kuulizwa, la paa la kanisa la Mfangano. Jina lako liko la kwanza kwenye orodha, limeandikwa "ndugu yetu wa Kiogoro", na mbele yake kiasi ambacho hukumbuki kukitaja.

Chini yake mama ameshaandika: Amina.