Sifa za Bwana Tindikali

Asali imesifiwa, maziwa yamesifiwa, hata tende imeimbiwa. Lakini tangu nizaliwe sijamsikia mtu akisimama barazani kumsifu Bwana Tindikali, ambaye kila siku tunamlamba, tunamfyonza na kumkamulia kwenye supu. Huo ni utovu wa shukrani, na leo nimeamua kulipa deni. Sababu hasa ya sifa zangu nitaitaja mwishoni. Kwa sasa wenye meno na wafumbe midomo, wanisikilize.

Nianze na nasaba, maana mtu wa heshima huulizwa kwao. Bwana Tindikali ni wa ukoo mkubwa. Kwenye ukwaju huitwa tartariki. Kwenye ndimu, chungwa na embe bichi huitwa sitriki. Kwenye siki ni asetiki, na kwenye soda nyeusi ya kola ni fosforiki. Watoto humjua mapema, pale kwenye lango la shule, katika vipande vya embe bichi lililonyunyiziwa chumvi na pilipili. Zanzibar, urojo usipokuwa naye mnunuzi atauliza kama mpishi anaumwa. Hata tumboni mwetu ana nyumba. Huko jina lake ni haidrokloriki, na hupanda kututembelea mdomoni wakati wa kiungulia, au asubuhi mama mjamzito anapotapika. Usipomwalika, atajileta.

Sasa nguvu zake. Kitu kigumu kuliko vyote mwilini si mfupa wa paja. Ni enameli, lile gamba jeupe linalolivika jino. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, fuwele za kalsiamu na fosfeti zilizopangwa zikapangika. Gamba hilo husaga bisi na kuvunja mifupa ya kuku, na wapo mabingwa wanaofungulia chupa za soda. Basi utazame ustadi wa bwana wetu: kizibo cha chuma hakikuliweza jino, kilichomo ndani ya chupa kinaliweza.

Wataalamu humpima kwa mizani ya pH. Maji safi ni 7. Enameli huanza kupoteza madini yake mizani ikishuka chini ya 5.5 hivi. Soda ya kola iko karibu na 2.5, na maji ya ndimu yako karibu na 2. Msomaji asidhani hizo ni hatua za ngazi ya nyumbani. Kila hatua moja kushuka ni ukali mara kumi, kwa hiyo kutoka 5.5 hadi 2.5 ukali umeongezeka mara elfu moja. Shujaa gani mwingine hupigana hivyo bila ya kutoa hata mlio?

Washairi wetu hawachoki kuyafananisha meno ya mpenzi na lulu. Bwana Tindikali peke yake ndiye aliyeuchukua mfano huo kwa uzito unaostahili. Mwandishi wa Kirumi Plinius alisimulia kuwa Cleopatra, ili kuonyesha ukwasi wake, aliitumbukiza lulu moja ya thamani kubwa kwenye siki, ikayeyuka, akainywa. Yule malkia ilimbidi atoe pambo la sikioni. Sisi tunaifanya karamu hiyohiyo kwa bei ya soda moja, na lulu tunakuja nazo wenyewe.

Msifuni kwa uadilifu pia. Mpwa wake, laktiki, anayezaliwa vijidudu vya mdomoni vinapokula sukari, ni mbaguzi: hujificha kwenye nyufa za meno akachimba shimo lake huko. Mjomba hana hila hizo. Hulipitia jino zima, la tajiri na la maskini, la mpenda sukari na la yule anayejisifu kuwa anakunywa soda isiyo na sukari. Kwake wote ni wageni wake.

Tena ni mkarimu. Wako waliolipa pesa nyingi watiwe jino la dhahabu. Yeye hutupamba bure: enameli ikikonda, dentini iliyo chini yake huchungulia na manjano yake, kinywa kizima kikang'ara. Pamoja na zawadi hiyo hutupa ganzi, ili tujifunze kuyanywa maji baridi kwa adabu, funda dogo dogo, jicho moja limefumbwa. Wala hatoi zawadi ya kuazimisha. Chembe hai zilizoijenga enameli hutoweka jino likishachomoza kwenye ufizi. Fundi amekwisha kuondoka na hakuacha mwanafunzi, kilicholika kimelika.

Mimi nilikuwa mfuasi wake mwaminifu bila ya kujijua, mpaka nilipokaa kwenye kiti cha daktari wa meno, kijana wa umri wa mwanangu.

"Shikamoo, mzee. Unatumia ndimu?"

"Marahaba. Kila alfajiri, na maji ya moto. Nasafisha mwili."

"Halafu?"

"Halafu napiga mswaki papo hapo. Mimi mtu msafi."

Akakiweka chini kioo chake. "Mzee wangu, ndimu inalainisha, mswaki unakwangua. Unamshikia mwizi taa."

Kumbe usafi wangu ndio uliokuwa ibada yangu kubwa kwake! Na siko peke yangu. Yuko ndugu yetu wa ofisini anayefungua chupa saa tatu asubuhi na kuimaliza saa tisa alasiri, funda moja kila baada ya dakika chache. Anadhani anajinyima. Bwana Tindikali humpenda huyo kuliko yule anayeinywa yote pamoja na chakula, kwa sababu kila funda ni mwaliko mpya. Yuko anayeisukasuka soda mdomoni kabla ya kumeza. Yuko anayeinywa kitandani, taa imezimwa, saa ambazo mate hupungua na mlinzi wa lango amelala.

Maana wahasidi hawakosi, na wa kwanza ni hayo mate. Huuzimua ukali wake, kisha hurudisha kwenye jino lililolainika sehemu ya kalsiamu na fosfeti. Lakini mate si watu wa haraka. Huomba nusu saa, pengine saa nzima, kabla mswaki haujapita. Wa pili ni maji ya kawaida, yanayomsukutua na kumtoa nje bila ya kumuuliza kabila. Wa tatu ni maziwa. Wa nne ni mrija, unaompitisha mgeni hadi nyuma ya ulimi asipate kusalimiana na meno ya mbele. Wa tano ni floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno, inayoifanya enameli iwe sugu zaidi kwake. Mpenzi wa kweli wa Bwana Tindikali na ajiepushe na watu hawa watano, asije akazeeka na meno yake yote.

Nimefika kwenye sababu niliyoahidi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi nimemsifu Bwana Tindikali kwa nasaba, kwa nguvu, kwa uadilifu na kwa ukarimu, nikitumaini kwamba naye atalewa sifa kama mgema, atie maji.

Asipotia, nitatia mwenyewe. Kikombe changu cha ndimu hiki hapa, nimekimaliza, na kando yake ipo bilauri ya maji, nasukutua. Mswaki uko bafuni. Bado dakika ishirini.