Namna ya Kupima Mtaji wa Kampuni Bila Kugombana na Mhasibu

Kwanza mwachie mhasibu mizania yake, uteremke Wadi Kabir, mjini Muscat, kunakouzwa magari yaliyotumika. Tafuta mwenye Land Cruiser anayeapa kwamba aliinunua rial 12,000. Mnunuzi atainama achungulie uvunguni, atakwaruza kutu kwa ukucha, kisha atataja bei yake. Risiti hataiomba. Thamani ya soko ndiyo hiyo. Kilichobaki ni kuzidisha na kugawanya.

Sasa nenda Ruwi, hapo jirani. Chukua bei ya leo ya hisa katika Soko la Hisa la Muscat, uizidishe kwa hisa zote za kampuni. Zote, bwana. Kampuni ya mafuta ya OQ Exploration and Production ilipoorodheshwa mwaka 2024, robo ya hisa iliuzwa kwa baisa 390 moja (baisa elfu ni rial moja), zikapatikana rial milioni 780. Thamani ya hisa zote kwa bei hiyo ilikuwa bilioni 3.12. Atakayekuandikia milioni 780, mpe kahawa na umnyang'anye kalamu.

Kwenye deni ndiko watu wanakojitia uziwi. Tuseme kampuni yako ina hisa milioni 10. Vitabuni mtaji wa wenye hisa ni rial milioni 1, na hatifungani ni milioni 1.5. Meneja wa benki ataona deni asilimia 60 na kuanza kukohoa. Lakini hisa inauzwa baisa 240, na hatifungani ya rial 100 inanunuliwa kwa 80. Basi hisa ni milioni 2.4, deni ni milioni 1.2: theluthi mbili kwa moja. Kikohozi kimepona, na hukulipa hata baisa.

Mkopo wa benki hauna mnada. Kama riba yake hupanda na kushuka na soko, chukua kiasi kilichobaki vitabuni, inatosha. Kama riba ilifungwa zamani, piga hesabu ya malipo yajayo kwa riba ya leo. Na sukuk, hatifungani ya Kiislamu, usiifiche upande wa hisa kwa hoja kwamba haina riba. Anayeishika hulipwa chake kabla ya mwenye hisa.

Mkurugenzi atataka hesabu ya soko siku ya kuomba mkopo, na ya vitabuni siku wafanyakazi wanapodai nyongeza. Mchapishie zote mbili, kila moja na tarehe yake, maana bei ya hisa ya Jumapili si ya Alhamisi.